Damu ya mamangu imeota kuvu: mpira wa kifuani utolewe?

Kijana wa Kisauni: Asalaam aleikum. Mamangu ana saratani ya damu, yuko kwenye kemo, dawa za kuua saratani. Antibiotiki zaingia kwa dripu lakini homa haishuki, jioni atetemeka mpaka kitanda chalia. Leo maabara wasema damu imeota Candida, aina ya kuvu. Daktari ataka kuutoa mpira wa kifuani unaopitishia dawa. Mashangazi wamekataa: mishipa ya mikono imekwisha, atadungwa wapi? Na flukonazoli, dawa ya kuvu, si iko duka la dawa, tumpe hiyo?

Nesi wa Makadara: Waleikum salaam mwanangu, pole sana. Kemo huangusha chembe nyeupe za damu na kuchubua matumbo, na Candida iliyokuwa ikikaa humo bila neno hupenya damuni. Ikiufikia mpira hujishika kwa utando ambao dawa haiupenyi vizuri. Mishipa itatafutwa, msikubali hiyo iwe sababu ya kukataa. Muulizeni daktari waziwazi: chanzo waona ni mpira au matumbo?

Flukonazoli usinunue, nakusihi. Hugongana na vinkristini, mojawapo ya dawa za kemo, na Candida krusei haiishiki kabisa. Candida auris, iliyotambuliwa Japani 2009, mara nyingi nayo haisikii, tena huambukizana wodini. Ndiyo maana huanzwa kaspofungini au jamaa zake, kwa mshipa. Ulizeni maabara: ni Candida gani?

Tena homa ikishuka msiombe ruhusa ya kwenda nyumbani! Damu huoteshwa tena na tena mpaka itoke safi, na siku 14 za dawa zahesabiwa kuanzia hapo. Chembe nyeupe nazo ziwe zimepanda.

Binti Likoni: Babangu damu ya kwanza haikuota kitu, tukashangilia. Ya pili ikaota. Yeye alipewa amfoterisini, dawa nyingine ya kuvu. Alitetemeka vibaya, potasiamu ikaanguka, wakawa wamtilia maji ya chumvi kabla ya dawa ili kulinda figo.

Nesi wa Makadara: Kweli dada, kuotesha damu hukosa karibu nusu ya wagonjwa. Homa ikipita siku nne hadi saba juu ya antibiotiki, na chembe nyeupe ziko chini, daktari huanza dawa ya kuvu hata bila jibu.

Kijana wa Kisauni: Shukran sana. Mashangazi nitawasomea haya usiku huu. Macho yake yaona ukungu, yahusiana?

Nesi wa Makadara: Yaweza. Candida hukimbilia macho. Mwambieni daktari kesho asubuhi, daktari wa macho amtilie matone ya kupanua mboni amwangalie. Chembe zikipanda arudiwe, maana kabla ya hapo dalili hujificha.