MREJESHO: Yule mkaka wa Kigoma tuliyejuana mtandaoni

Wapendwa, mimi ndo yule dada wa Tabora niliyeuliza kama nimfuate Kigoma mkaka tuliyechati miezi saba bila kuonana. Mlisema nisitume hela, aje yeye, na kwanza tupigiane vidio. Nikambana, akakubali siku hiyohiyo, akanionyesha Ziwa Tanganyika na kina mama wanaanika dagaa nyuma yake.

Jumamosi kashuka stesheni hapa na migebuka mikavu, wale samaki wa ziwani kwao, kaifunga kwenye gazeti, mikono inamtetemeka jamani, tukakaa mgahawani dada yangu akiwa meza ya pili maana mlisisitiza nisiende peke yangu. Ni yuleyule wa kwenye picha, nywele tu kapunguza. Nampenda kwakweli. Mwezi ujao anakuja nyumbani na mjomba wake, nimempa dumu la asali ampelekee mama yake. Asanteni sana.