Riwaya za kumnyima kijana usingizi

Mama Faraja: Hamjambo wote. Mama, shikamoo. Naomba msaada wenu. Faraja yuko likizo na vitabu hataki. Nimempa vitatu, kila kimoja kakirudisha mezani kabla ya ukurasa wa kumi. Ana miaka 14. Natafuta riwaya ambayo akiishika hataiachia, lakini akimaliza abaki na la kuwaza. Nimpe nini?

Bibi: Marahaba mwanangu.

Baba Salma: Ulimpa vipi hivyo?

Mama Faraja: Vya maadili. Mtoto mtiifu anafanikiwa, mkaidi yanamkuta.

Salma: Shangazi, samahani, hata mimi ningevirudisha. Ukisoma ukurasa wa kwanza umeshajua mwisho.

Tatu: Salma kasema kweli. Dada, wa umri huo akihubiriwa anajua mara moja. Mpe kitabu chenye swali gumu, ambalo hata wewe mtu mzima huna jibu lake la haraka.

Baba Salma: Mimi nasema Kufa na Kupona ya Musiba. Jasusi Willy Gamba! Nilikisoma kwa tochi chini ya shuka mpaka betri zikaisha.

Mama Faraja: Kaka, nakikumbuka vizuri. Risasi, pombe na wanawake. Kwa miaka 14?

Baba Salma: Lakini mna habari za ukombozi wa Afrika mle. Mimi ndicho kilichonifanya nianze kufuatilia magazeti.

Tatu: Sikatai kaka, akifika umri wa Salma nitampa mwenyewe. Kwa sasa ningeanza na mpelelezi Bwana Msa. Mzimu wa Watu wa Kale, Muhammed Said Abdulla, 1960. Mtu kauawa, mahali penyewe panaogopwa kwa mizimu, na kila mtu ana maelezo yake tayari. Bwana Msa anavuta kiko chake, anauliza vitu vidogo vidogo ambavyo wenzake wamevipita. Mimi nilipofika mwisho nilirudi nyuma kutafuta wapi nilidanganyika. Dalili zilikuwapo, nilizipita mwenyewe kwa sababu nilishaamua nani mbaya. Hapo kijana anajifunza kitu na hakuna aliyemhubiria.

Salma: Ila Kiswahili chake mwanzoni kinataka subira. Mimi nilikwama, nikakirudia baadaye. Mwambieni Faraja asikate tamaa mapema.

Mama Faraja: Wewe Salma ulipokuwa na miaka 14 nini kilikushika?

Salma: Siku Njema ya Ken Walibora. Kongowea anafiwa na mama, watu wanamwita mwana wa haramu, baba hamjui. Anatoka Tanga kwenda kumtafuta mpaka Kitale. Haina jasusi wala bunduki, lakini kila sura nilikuwa naomba asikate tamaa. Na nilikuwa najiuliza, akimpata, je, baba mwenyewe atastahili kutafutwa hivyo?

Mama Faraja: Hilo nitaliandika.

Tatu: Na Shamba la Wanyama ya George Orwell, tafsiri ya Kawegere, 1967. Usimwambie kwamba ni siasa! Mwache aone amri saba ukutani zinavyobadilika moja moja, na wanyama wanadhani ni wao waliosahau. Mimi pale nilishindwa kulala. Nilitamani kumpigia mtu kelele, "Soma vizuri!"

Baba Salma: Kusadikika ya Shaaban Robert je? Nilikisoma shuleni nikakichukia.

Tatu: Ulikichukia kwa sababu ya maswali ya mtihani kaka, si kwa sababu ya kitabu. Kifikirie upya. Mtu yuko kizimbani, kosa lake ni kutaka kufundisha sheria. Anayemshitaki ni waziri, jina lake Majivuno. Karama anajitetea siku baada ya siku kwa kusimulia habari za wajumbe waliotumwa pande zote, hata mbinguni na ardhini, wakarudi na mema, wakafungwa. Unasoma huku unahesabu siku zilizobaki. Ni kesi ya mahakamani hiyo, yenye roho ya mtu mkononi. Na swali lake kijana analielewa upesi sana: kwa nini mwenye madaraka amwogope mtu anayetaka watu wajue sheria?

Baba Salma: Ukiisema hivyo natamani kukirudia.

Mama Faraja: Tatizo langu ni kumfanya afungue. Nikimpa mimi kinakuwa kazi ya shule.

Tatu: Basi usimpe. Na akianza, tafadhali usimuulize "umejifunza nini". Ndilo swali linaloua vitabu. Muulize nani anamtilia shaka.

Bibi: Mimi sijui kuandika marefu, macho hayaruhusu. Nisikilizeni.

Bibi: Kuna mtu mmoja, Adili, liwali wa Janibu. Mtu mpole, mwadilifu, watu wanampenda. Ana manyani wawili. Kila usiku anawachapa mijeledi. Akishamaliza, analia.

Bibi: Basi. Nakwenda kulala.

Mama Faraja: Mama, ndiyo umeishia hapo?

Salma: Bibiii

Faraja: Shikamoo bibi. Kwa nini analia?

Mama Faraja: Kumbe uko humu muda wote!

Bibi: Marahaba mjukuu wangu. Hata mfalme wake alitaka kujua.

Faraja: Kama anawaonea huruma si aache kuwapiga?

Baba Salma: *Ujumbe huu umefutwa*

Tatu: KAKA!

Baba Salma: Nimeufuta, nimeufuta. Faraja, uliusoma?

Faraja: Hapana mjomba. Ulisema nini?

Salma: Baba asante kwa kufuta. Faraja, ni Adili na Nduguze ya Shaaban Robert. Ni kijitabu chembamba. Ninacho, nitakuletea kesho.

Faraja: Bibi, hao manyani ni nani?

Bibi: Usiku mwema.

*Jumapili*

Faraja: Nimemaliza.

Mama Faraja: Nathibitisha. Jana saa sita usiku taa yake ilikuwa inawaka, nikapita kimya kimya.

Tatu: Haya mwanangu, kero yako nini?

Faraja: Mama mdogo, nina hasira na Huria, yule jini aliyewageuza ndugu zake Adili kuwa manyani. Sawa, wale ndugu walimtupa baharini kwa wivu, ni wabaya. Lakini Adili kawasamehe. Sasa Huria anamwamrisha awachape kila usiku. Wao wanaumia mwilini, naye anaumia kila siku na hakukosa kitu. Anayeadhibiwa ni nani pale?

Baba Salma: Ndugu zake bwana! Walistahili.

Faraja: Mjomba, ungechapa ndugu yako kila usiku hata kama alikukosea?

Baba Salma: Ngoja nifikirie.

Salma: Mimi naona Huria alitaka haki. Asipowaadhibu, wangerudia. Walishamsaliti mtu aliyewatunza.

Faraja: Basi angewaadhibu mwenyewe. Kwa nini ampe mjeledi mtu anayewapenda?

Tatu: Sijawahi kuliwaza hivyo. Nimekisoma mara nyingi, nikimtazama Adili na wale manyani. Huria sikumuuliza kitu.

Bibi: Mimi nimekaa na kitabu hicho tangu msichana, na kila nikirudi pale pa mjeledi nasimama. Faraja, njoo huku Jumamosi na kitabu chako. Nisomee pale anapomwamrisha. Polepole.

Faraja: Nitakuja bibi. Salma, kile cha Bwana Msa bado unacho?

Salma: Ninacho. Lakini nimeandika jina la muuaji kwa penseli ukurasa wa mbele, ngoja nilifute kwanza.