Tupeane uzoefu: "will", "would" na "should" ulizizoea vipi?

Mwalimu_Moro
Wakuu, salaam. Nafundisha Kiingereza sekondari, Morogoro. Kila nikisahihisha madaftari nakutana na "If it will rain, we will not go." Nawaelewa watoto. Mvua bado haijanyesha, kwa hiyo wanaweka wakati ujao pande zote mbili. Kiingereza kinataka sharti likae katika wakati uliopo, "If it rains", na utabiri ndio ubebe "will".

Kinachonisaidia ni Kiswahili chenyewe. Tunasema "mvua ikinyesha, hatutakwenda". Hiyo -ki- haichukui -ta- hata kidogo. Nikiandika sentensi mbili ubaoni, moja juu ya nyingine, darasa linaelewa. Shida iko kwenye "should" na "would". Leteni visa vyenu.

Mkalimani_Ughaibuni
Mwalimu, mimi ni mkalimani hospitalini huku Marekani, wagonjwa wangu wengi ni Wakongomani. Daktari alimwambia mama mmoja, "You should feel better in a few days." Mama anajua Kiingereza kidogo, akanigeukia kabla sijafungua mdomo: "Na nisipopona, atanikasirikia?" Alikuwa ameisikia kama amri! Nikamwambia, "Hapana mama, daktari anatarajia utapata nafuu baada ya siku chache, ndivyo inavyokuwa kwa wengi."

Mimi huangalia kitenzi kinachofuata. Kumeza dawa mtu anaweza kuagizwa, kwa hiyo "you should take this" ni ushauri au agizo. Kupona hakuagizwi. Hapo "should" ni matarajio.

Wakala_Bandarini
Niko Mombasa, kazi yangu ni kutoa mizigo ya wateja bandarini. Kwetu maneno haya ni pesa. Nikimwandikia mteja "The container will be released on Thursday", ameshakodi lori. Nikiandika "should be released", anaelewa kwamba kwa hesabu zangu ni Alhamisi, ila kitu kinaweza kukwama. "Might" nikiitumia, ananipigia simu papo hapo kuuliza kuna nini.

Jambo ambalo vitabu vingi vya shule havilisemi wazi: hii "should" ya matarajio huegemea mambo tunayoyataka. Kijana wa ofisini kwetu aliandika "The ship should be delayed." Mteja Mwingereza akauliza kwa nini tunataka meli ichelewe. Kwa habari mbaya tumia "will probably" au "is likely to". Mwalimu, hilo wafundishe mapema, tafadhali.

Dawati_la_Habari
Mimi natafsiri habari. "The company said it would pay the workers." Mwenzangu akaandika "kampuni ilisema ingewalipa wafanyakazi". Msomaji wa Kiswahili hapo anaelewa kuwa haikuwalipa, na habari yenyewe haikusema hivyo. Hiyo "would" ni "will" iliyorudishwa nyuma kwa sababu "said" imepita. Sisi tunaiacha -ta- mahali pake: "ilisema itawalipa". Wamelipwa au hawajalipwa, sentensi haisemi, na mtafsiri hana ruhusa ya kuamua. Nalisisitiza kwa sababu linaweza kumharibia mtu jina.

Binti_Tanga
Mbona kuna ofisi nimeambiwa "If you will wait here, please"? Si "will" imekaa baada ya "if"?

Mwalimu_Moro
Dada, hiyo haitabiri kitu. Inaomba ridhaa yako: ukikubali kusubiri hapa. Ndiyo maana inasikika ya adabu.

Mkalimani na Wakala, asanteni sana, nitaingia darasani na mifano yenu. Nimalizie la "would". Vitabu vyetu vinatenganisha -nge- na -ngali-, lakini mitaani wengi tunasema "ningekuwa na nauli ningekuja", iwe ni safari ya leo au ya mwaka juzi. Kiingereza kinakudai uchague: "If I had the fare, I would come" ni ya sasa, "If I had had the fare, I would have come" imeshapita. Kwa hiyo kabla mwanafunzi hajaandika neno, namuuliza: nafasi ya kuja bado ipo, au imeshapita? Akijibu hilo, kitenzi anakipata mwenyewe.