Mabadilishano ya wakazi ya 1923: nani alihesabiwa Mgiriki, nani Mturuki?

Tarishi

Wakuu, naandaa makala ndefu kuhusu mabadilishano ya wakazi kati ya Ugiriki na Uturuki baada ya vita vya 1919 hadi 1922. Mara nyingi husemwa kwa kifupi kwamba Wagiriki walirudishwa Ugiriki na Waturuki wakarudishwa Uturuki. Lakini nakutana na habari za Wakristo waliozungumza Kituruki wakapelekwa Ugiriki, na Waislamu wa Krete waliozungumza Kigiriki wakapelekwa Uturuki. Kipimo kilikuwa kipi hasa: dini, lugha au asili? Na anayeandika leo ayapangeje haya bila kuwa msemaji wa serikali mojawapo? Naomba tarehe na vifungu, si maoni matupu.

Kitabu_Chakavu

Mkuu Tarishi, kipimo kilikuwa dini. Kwanza tenganisha hati mbili ambazo watu huzichanganya, kwa kuwa zote zilitiwa saini Lausanne, mji wa Uswisi, mwaka 1923. Mkataba wa mabadilishano ni wa tarehe 30 Januari. Mkataba wa amani ni wa tarehe 24 Julai. Ule wa Januari, kifungu cha 1, unataja raia wa Uturuki wa dini ya Kiorthodoksi ya Kigiriki na raia wa Ugiriki wa dini ya Kiislamu, na unasema mabadilishano ni ya lazima kuanzia tarehe 1 Mei 1923. Lugha haikutajwa kama kipimo. Hakuna aliyeulizwa anajiona nani.

Hivyo Mwislamu wa Krete asiyejua Kituruki alipanda meli kwenda Ayvalık au kisiwa cha Cunda, na Mkristo wa Kapadokia (katikati ya Uturuki ya leo) asiyejua Kigiriki akapelekwa Pireo au Thesaloniki. Huko Makedonia ya Magharibi walikuwepo Vallahades, Waislamu wazungumzao Kigiriki, nao waliondoka.

Neno "kurudishwa" litoe kabisa kwenye makala yako. Wengi wao hawakuwahi kuiona nchi waliyopelekwa, na kifungu hichohicho cha 1 kilikataza waliohamishwa kurudi kuishi walikotoka bila idhini ya serikali husika. Kifungu cha 7 kiliwavua uraia wa nchi waliyoiacha na kuwapa wa nchi waliyofikia.

Kosa la pili ni la hesabu. Utasoma kwamba Wakristo milioni 1.2 "walisafirishwa kwa mkataba". Si hivyo. Wengi wao walikuwa wameshakimbia, hasa baada ya Smirna (leo İzmir) kuteketea Septemba 1922, na kifungu cha 3 kikawaingiza kwenye mabadilishano wote walioondoka tangu tarehe 18 Oktoba 1912. Waliosafirishwa chini ya Tume ya Pamoja, iliyosimamia mabadilishano, walikuwa Wakristo wapatao 190,000, wengi kutoka Kapadokia na Ponto (pwani ya Bahari Nyeusi), na Waislamu wapatao 355,000. Ukichanganya makundi haya mawili, utawafanya wakimbizi wa vita waonekane kama watu waliohama kwa orodha na ratiba.

Baharia_wa_Aegea

Naongezea walioachwa, maana hapo ndipo kipimo kinaonekana vizuri zaidi. Kifungu cha 2 cha mkataba wa Januari kiliwaacha Wagiriki wa Konstantinopoli (leo Istanbul) na Waislamu wa Thrace ya Magharibi (kaskazini-mashariki mwa Ugiriki). Kwa Istanbul, sharti lilikuwa mtu awe amekaa mjini humo kabla ya tarehe 30 Oktoba 1918. Ugomvi ukazuka mara moja juu ya nani ahesabiwe kuwa "amekaa", hadi suala likapelekwa Mahakama ya Kudumu ya Haki ya Kimataifa, ambayo ilitoa maoni yake tarehe 21 Februari 1925. Mambo ya mali na ukazi yalifungwa kwa makubaliano ya Ankara ya tarehe 10 Juni 1930.

Visiwa vya Imbros na Tenedos (leo Gökçeada na Bozcaada) viliachwa pia, ila kwa njia nyingine: kifungu cha 14 cha mkataba wa amani.

Halafu wapo ambao hawakuguswa kwa sababu tu ya bendera iliyopepea juu yao. Rhodes na Kos vilikuwa chini ya Italia, Kupro chini ya Uingereza, Antakya chini ya Ufaransa. Waislamu wa Rhodes na Kos wapo hadi leo, na serikali ya Ugiriki inashikilia kwamba kinga za Lausanne haziwahusu, kwa kuwa visiwa hivyo viliingia Ugiriki mwaka 1947 tu.

Usiwasahau Waislamu wa Çaykara na Tonya, milimani nyuma ya Trabzon, ambao lugha yao ya nyumbani ni Romeyka, tawi la Kigiriki cha Ponto. Walibaki kwa sababu ya Uislamu wao. Majirani zao Wakristo wa lugha ileile waliondolewa. Wanaisimu wanaithamini Romeyka kwa kuwa imetunza umbo la kitenzi-jina ambalo Kigiriki cha sasa kimelipoteza, na sehemu kubwa ya uhai wake inatokana na Waislamu hao.

Kinanda

Nakubaliana kuhusu mkataba, lakini mkuu Kitabu_Chakavu, msomaji asiondoke akidhani lugha haikuwa na uzito. Haikuwa na uzito mezani Lausanne. Baada ya kushuka melini ilikuwa na uzito kila siku.

Waorthodoksi wazungumzao Kituruki waliitwa Karamanli. Sensa ya Ugiriki ya 1928 ilikuta zaidi ya Waorthodoksi 100,000 ambao lugha yao ni Kituruki. Wenyeji waliwabandika wakimbizi majina ya matusi kama "mbegu ya Kituruki" na "waliobatizwa kwa mtindi". Upande wa pili Wakrete waliitwa "nusu kafiri", na kampeni ya "Mwananchi, zungumza Kituruki!" iliyoanzishwa na wanafunzi wa sheria wa Istanbul mwaka 1928 iliwabana wao pamoja na Wagiriki, Wayahudi na Waarmenia wa mijini.

Karamanli waliandika Kituruki kwa herufi za Kigiriki. Maandishi haya yanawakosesha watu wengi, kwa hiyo chukua tahadhari. Ukikuta kitabu au jiwe la kaburi la namna hii, mtu anayetazama herufi tu ataliorodhesha kama la Kigiriki. Lisome kwa sauti: likitoka Kituruki, ndilo hilo. Kigiriki hakina herufi moja ya sauti b wala d, hivyo wachapaji waliweka nukta: π yenye nukta ni b, τ yenye nukta ni d, na σ yenye nukta mara nyingi ni ş. Wachapaji hawakufuata kanuni moja, na nukta hupotea kwenye nakala hafifu. Hapo maneno mawili tofauti huonekana sawa, nawe unabaki kutegemea muktadha.

Asili yao ndiyo inayogombewa kuliko yote. Waandishi wa Kigiriki wengi husema ni Wagiriki waliopoteza lugha chini ya utawala wa dola za Kituruki za Seljuki na Osmani. Waandishi wa Kituruki wengi husema ni Waturuki walioingia Ukristo. Vitabu vyao wenyewe mara nyingi vinawaita tu "Wakristo wa Anatolia" (sehemu ya Uturuki iliyo Asia), na mimi ningeanzia hapo. Kumbuka pia kisa cha Papa Eftim, kasisi aliyeanzisha Kanisa la Kiorthodoksi la Kituruki huko Kayseri mwaka 1922 na kuiunga mkono serikali ya Ankara waziwazi. Yeye na familia yake waliruhusiwa kubaki. Waumini wa Kapadokia waliohamishwa walihamishwa kama Waorthodoksi wengine. Hata uaminifu kwa dola haukuipiku dini.

Tarishi

Asanteni sana wakuu, hili ndilo nililohitaji. Swali la nyongeza: kwa nini Thrace ya Magharibi serikali inasema "Waislamu" na wengi wa wenyewe wanasema "Waturuki"? Nitumie lipi? Na je, majina ya ukoo na ya vijiji yanaweza kunisaidia kujua mtu alitoka wapi?

Kitabu_Chakavu

Mkataba wa amani, vifungu vya 37 hadi 44, unawalinda "wasio Waislamu" nchini Uturuki, na kifungu cha 45 kinarudisha wajibu huohuo kwa Ugiriki kuhusu Waislamu wake. Ugiriki inasimama kwenye maneno hayo: jamii ni ya dini, na ndani yake wamo Waturuki, Wapomaki wenye lugha ya Kislavoni, na Waroma (jamii ya Roma, si watu wa jiji la Roma). Wengi wa jamii hiyo wanasema utambulisho wao ni wa Kituruki na ni haki yao kuutaja.

Msimamo wa Athens wenyewe umewahi kugeuka. Mwaka 1954, wakati Ugiriki na Uturuki zilikuwa washirika wapya ndani ya NATO, gavana wa Thrace aliamuru mabango yaandikwe "Kituruki" badala ya "Kiislamu". Baadaye neno likapigwa marufuku tena, na Umoja wa Waturuki wa Xanthi, ulioanzishwa 1927, ukavunjwa na mahakama kwa sababu ya jina lake. Mahakama ya Haki za Binadamu ya Ulaya iliamua mwaka 2008 kwamba Ugiriki ilikiuka uhuru wa kujumuika. Mahakama za Ugiriki ziliendelea kukataa kuusajili upya.

Ushauri wangu: ukieleza sheria andika "jamii ya Waislamu", ukieleza wanavyojiita andika walivyojiita, na kwa Mpomaki au Mroma usimwamulie. Fanya vivyo hivyo Istanbul. Kituruki kina maneno mawili: Rum ni Mworthodoksi wa Kigiriki wa nchi hiyo, Yunan ni mtu wa Ugiriki. Ukiwaita wote "Wagiriki" utashindwa kueleza mwaka 1964, ambapo Uturuki iliwafukuza wenye uraia wa Ugiriki, watu wapatao 12,000, na ndugu zao wenye uraia wa Uturuki wakalazimika kuwafuata.

Kupro ipe sehemu yake peke yake. Katiba ya 1960 inampima mtu kwa asili pamoja na lugha ya mama, au mila, au uanachama wa kanisa (kwa upande wa pili, Uislamu). Ukiihamishia huko kanuni ya 1923 utapotosha.

Baharia_wa_Aegea

Kuhusu majina: kiishio cha -oglou kwa Mgiriki wa leo huashiria mababu wa Anatolia, hakithibitishi kwamba walikuwa Waturuki wala lugha yao. Kwa Waislamu, majina ya ukoo yaliyosajiliwa Uturuki yalianza na sheria ya 1934, kwa hiyo usitafute jina la sasa kwenye orodha za 1924. Tafuta jina la baba, kijiji na laqabu (jina la utani).

Vijiji vilibadilishwa majina pande zote mbili. Tengeneza jedwali la jina la Kiosmani, la Kigiriki na la sasa. Gelveri ya Kapadokia leo ni Güzelyurt, na watu wake walianzisha Nea Karvali karibu na Kavala. Sinasos leo ni Mustafapaşa. "Nea" mbele ya jina la kijiji cha Ugiriki mara nyingi inakuonyesha wakimbizi walikotoka.

Tarehe nazo zinaleta fujo. Ugiriki ilitumia kalenda ya Julius hadi tarehe 15 Februari 1923, na kesho yake ikaandikwa 1 Machi. Ndiyo maana moto wa Smirna ni 13 Septemba 1922 kwa wengine na 31 Agosti kwa hati za Kigiriki. Hati za serikali ya Uturuki zina mwaka wa Rumi (kalenda ya jua ya Kiosmani) hadi mwisho wa 1925: kwa miaka ya kuanzia 1918 ongeza 584, hivyo 1338 ni 1922. Lakini 1338 hiyohiyo ikiwa ya Hijri inaangukia 1919 na 1920. Angalia jina la mwezi kabla ya kukokotoa: Muharram au Shaaban ni Hijri, Mart au Ağustos ni Rumi. Pasipo mwezi, iache ilivyo na uandike kwamba kalenda haijulikani.