Kugeuza kiuno ukiwa na mzigo: hatari yake hupimwaje?

Mkaguzi wa Ghala
Ndugu zangu, nasimamia usalama katika kiwanda cha kusaga nafaka, ambamo wapakiaji hupokea mifuko ya unga ya kilo 25 kutoka kwenye mkanda na kuipanga juu ya paleti iliyo ubavuni mwao. Miguu haisogei, kiuno ndicho kinachogeuka zamu nzima, na wawili wameshalalamikia mgongo. Je, hatari hiyo inaweza kupimwa kwa namba, nipate hoja ya kumpelekea meneja?

Afya Kazini
Inaweza, ndugu. Tumia kanuni ya kunyanyua mizigo ya NIOSH, taasisi ya Marekani ya usalama na afya kazini, iliyorekebishwa mwaka 1991. Huanza na kikomo cha uzito cha kilo 23, kisha hukipunguza kwa kukizidisha kwa vigezo kadhaa. Kigezo cha kugeuka ni 1 kutoa 0.0032 mara idadi ya nyuzi za pembe ya kugeuka, hivyo nyuzi 90 hutoa 0.712. Kigezo cha umbali ni 25 gawanya kwa sentimita zilizopo kati ya vifundo vya miguu na mikono. Mikono ikiwa sentimita 40 mbele, 23 × 0.625 × 0.712 ni takriban kilo 10.2, kabla hujaingiza kasi ya kazi na mfuko kukosa mishikio. Pembe hupimwa kutoka mstari wa mbele ya mwili uliosimama bila kujigeuza hadi mikono ilipo, usipime mabega. Tena pima pale mfuko unapotuliwa, kwani wengi hupima mwanzo tu, mtu angali anatazama mbele.

Mzee wa Bohari
Naongeza la vitendo. Sisi tuliwahimiza vijana wasigeuze kiuno, lakini paleti ikifikika bila kupiga hatua, hakuna atakayepiga hatua, hasa mkanda unapokimbia. Tulipoisogeza mbali kidogo, miguu ikaanza kugeuka yenyewe.

Mkaguzi wa Ghala
Nashukuru, mzee wangu. Basi nikiondoa kugeuka, nitakuwa nimemaliza?

Afya Kazini
Bado. Bila kugeuka unapata kilo 14.4 tu, kwa sababu mikono iko mbali. Ukiondoa kizuizi kinachowazuia kusogelea mkanda, mikono ikawa sentimita 30, unafika kilo 19.2, na hapo ndipo ningemwomba meneja afikirie mfuko mdogo zaidi. Anza na safu ya chini ya paleti, ambako mtu huinama na kugeuka kwa pamoja. Nyuzinyuzi za diski za uti wa mgongo zimelala mshazari kwa tabaka zinazopishana, hivyo anapogeuka ni takriban nusu yake tu zinazokaza.