Ushauri wa haraka: riwaya tatu za fantasia za zamani kwa kundi letu la mchezo wa mezani, Mwanza

MwongozaMeza
Wakuu, heshima kwenu. Nipo Mwanza, upande wa Nyegezi. Jumamosi jioni huwa naongoza meza ya Dungeons & Dragons, wachezaji watano. Kwa asiyeujua: mmoja anasimulia dunia, wengine kila mtu ana mhusika wake, na kete ndiyo inaamua kama upanga umempata adui au umekata hewa. Shida yangu ni kwamba wenzangu hadithi walizonazo kichwani ni za filamu na gemu za simu tu. Tukiingia pangoni swali ni moja: "Tunampiga nani?" Tumechanga hela tununue riwaya tatu za zamani, zile zilizouzaa huu mchezo, tusome kwa zamu. Ndugu yangu anapanda basi kutoka Dar kesho kutwa na orodha anaitaka leo usiku. Nitajieni tatu. Sijalala vizuri kwa hili jambo. Nawasilisha.

Mtumishi wa Igoma
Kijana, majoka na wachawi unayaingiza nyumbani kwa hela yako mwenyewe? Yakikushinda usije kuomba ushauri hapa.

Kete20
Mkuu, mambo yamerahisishwa zamani. Mchezo ulitoka 1974, kazi ya Gary Gygax na Dave Arneson. Mwaka 1979 Gygax akaweka nyuma ya kitabu cha mwongoza mchezo orodha ya waandishi waliomlisha. Anzia humo. Jack Vance, The Dying Earth, 1950: jua linakaribia kuzimika, wachawi wanabeba kichwani maneno machache ya nguvu, na ukishalitamka moja linafutika kwenye kumbukumbu. Ndiyo maana mchawi wako mezani anaishiwa. Fritz Leiber, hadithi za Fafhrd na Gray Mouser, marafiki wawili wezi kwenye jiji la Lankhmar. Hao ni kundi la wachezaji kabisa, wanapata hazina na kuipoteza kabla ya asubuhi. Conan wa Robert E. Howard alianza kuchapwa 1932, na hadithi zake kadhaa zipo bure kwenye tovuti ya Project Gutenberg. Ila Howard umsome macho wazi, kuna kurasa anawadharau watu weusi waziwazi na mimi zinaniuma kila nikirudia.

MzeeWaCapripoint
Umenikumbusha mbali. Mimi nilisoma *Mashimo ya Mfalme Sulemani* kwa Kiswahili kwenye meli ya MV Victoria, nakwenda Bukoba kwa shangazi. Usiku mzima niko chini ya taa ya ngazi, abiria wananiruka na mikungu yao ya ndizi. Pale wanapofungiwa ndani ya chumba cha hazina, yule bibi kizee Gagool amelibonyeza jiwe, nilisahau kabisa kama niko majini. Siku hizi vijana hawasomi. Mwanangu nilimnunulia kitabu, akakiegeshea simu.

MwongozaMeza
Shikamoo mzee. Ahsante. Kete20, orodha nzuri sana. Kati ya hivyo vipi vitatu?

BintiUkerewe
Kabla ya vipi, hao wachezaji wako wanasoma Kiingereza?

MwongozaMeza
Wanajua kiasi dada. Turudi kwenye orodha, muda unakimbia.

BintiUkerewe
Kiasi gani? Kiingereza cha Vance hata mimi niliyekaa chuo kinanipa jasho. Jibu swali kaka yangu.

Nyanza_Boda
Hapo umebanwa mkuu 😂

MwongozaMeza
Sawa. Wawili wanasoma vizuri. Watatu waliishia darasa la saba: dada wawili wanaouza dagaa mwaloni Kirumba na jamaa mmoja wa bodaboda. Sikulitaja kwa sababu najua mngekimbilia kuniambia "wape vitabu vya watoto". Hawa si watoto. Wiki iliyopita kundi lilikutana na joka limelalia dhahabu, wanaume wakachomoa silaha. Dada mmoja akawazuia, akaliuliza joka lina miaka mingapi na hiyo hela halijanunua kitu. Likakosa jibu. Wakaongea biashara saa nzima, nikabaki nageuza kurasa za kanuni sioni pa kushika. Mtu wa namna hiyo anastahili kitabu kikubwa. Na mawazo yangu yalikuwa The Lord of the Rings ya Tolkien, juzuu zote tatu. Ndugu yangu ameshalipa kianzio.

Kete20
Kumbe ulishaamua.

MwongozaMeza
Sijaamua, kianzio siyo malipo. Lakini Tolkien ndiye baba wa mambo haya, huwezi kumruka. Wale watu wafupi wa mchezo mwanzoni waliitwa kabisa hobiti kama wa Tolkien, jina likabadilishwa kwa kuogopa kesi.

Kete20
Hilo kweli. Lakini kwenye orodha ile ile Gygax aliwataja waliomgusa zaidi, Howard, Leiber, Vance na Lovecraft wakiwemo, Tolkien hakumweka kwenye hao. Mimi Tolkien nampenda, nimemrudia tangu sekondari. Ila juzuu ya kwanza ya 1954 watu wanatembea na kuimba kurasa nyingi kabla mambo hayajachemka. Mtu ametoka mwaloni ana harufu ya jua na chumvi, umpe hiyo kwa lugha ya tatu? Atalala ukurasa wa kumi, na utasema hawapendi kusoma.

DagaaKauzu
Nimesoma kimya nimeshindwa. Wakuu, hii ni CHAI. Wauza dagaa wa Kirumba wanacheza majoka? Kete ya pande ishirini Mwanza umeinunua duka gani? Huyu anatafuta wafuasi, kesho mtaona anauza vitabu. Kama kweli unaongoza meza, jibu bila kugoogle: lile jitu la kijani, troll, ukilikata mkono kinatokea nini?

Nyanza_Boda
Weka picha mkuu, uzi bila picha mgumu.

Mtumishi wa Igoma
Nilisema mapema. Uongo ni mtoto wa giza.

MwongozaMeza
Sura za watu siweki, wana waume na wateja. Troll ukilikata, jeraha linafumba na mkono unarudi. Dawa yake moto au tindikali. Kete halisi tunayo moja, niliachiwa na mtu aliyehama. Wengine wanatumia vifuniko vya soda ishirini ndani ya kopo la Blue Band, vimeandikwa namba kwa rangi ya kucha nyekundu. Ukitoa kifuniko unakirudisha kabla mwenzako hajachomoa. Cha 17 rangi imebanduka nusu kinafanana na cha 11, basi kila kikitoka kuna ugomvi. Niendelee?

Kete20
Kauzu, huyo anacheza. Hakuna anayebuni ugomvi wa 17 na 11. Na hilo troll limetoka kwa Poul Anderson, Three Hearts and Three Lions, kitabu cha 1961: viungo vinakatwa vinaendelea kupigana peke yake mpaka moto uingie kazini.

DagaaKauzu
Sawa, nimeelewa. Lakini kuhusu Kirumba bado nina maswali. Mama yangu aliuza pale, jioni alikuwa hawezi hata kuongea.

BintiUkerewe
Ndiyo maana wanakuja Jumamosi, Kauzu. Watu wakichoka ndiyo wanataka hadithi.

Kaka, nisikilize. Cha Kiingereza chukua kimoja, A Wizard of Earthsea cha Ursula K. Le Guin, 1968. Kwenye orodha ya Gygax hakimo, na mimi sijali. Kifupi, sentensi zake safi, dunia yote ni visiwa. Ged ana ngozi ya kahawia nyekundu, rafiki yake Vetch ni mweusi. Anapopewa kazi ya kwanza anapelekwa kijiji cha wavuvi, anafunga mitumbwi kwa maneno ya nguvu isipasuke, anafanya urafiki na fundi mashua, na mtoto wa huyo fundi anaugua. Hiyo sura ukiisoma kwa sauti mbele ya watu wa mwaloni, ukawa unatafsiri papo hapo, hakuna atakayeuliza wa kupigwa.

Cha pili Kiswahili: *Adili na Nduguze* cha Shaaban Robert, 1952. Mtu anawachapa manyani wawili kila usiku huku analia, na sababu unaipata baadaye. Mpe huyo dada aone atalifanyia nini fumbo kama hilo.

Cha tatu cha kwetu. Aniceti Kitereza, mtu wa Ukerewe, aliandika kwa Kikerewe, akamaliza 1945, akakitafsiri mwenyewe, Kiswahili kikatoka 1980: *Bwana Myombekere na Bibi Bugonoka*. Majoka hamna. Kuna ukwe, pombe ya ndizi, mganga anayetafuta dawa ya uzazi, jinsi ya kuingia mji wa watu bila kutukana. Mwongoza mchezo anayetaka kijiji chake kiwe na uhai aibe humo.

MzeeWaCapripoint
Binti umesema. Na *Alfu Lela Ulela* msiisahau.

MwongozaMeza
Dada, Ged nakubali. Adili nakubali. Tolkien sifuti wote, juzuu ya kwanza inakuja na kianzio kinabebea hiyo. Wale wawili wanaojua Kiingereza wataisoma na kutusimulia, na pale kwenye mgodi wa Moria nitaisoma mwenyewe, giza lile na ngoma za chini wanalihitaji. Ila Kitereza nimeuliza maduka mawili mjini, hamna.

BintiUkerewe
Ninacho, juzuu ya kwanza, jalada limechoka. Nipo Nansio mpaka Ijumaa, nakuja Mwanza kwa feri ya asubuhi. Nakuazima kwa sharti moja: kisikae karibu na kopo la rangi ya kucha.

Nyanza_Boda
Jamani, huyo jamaa wa bodaboda mhusika wake ni nani?

MwongozaMeza
Mpiganaji. Farasi wake amemwekea jina la pikipiki yake.