Mafunzo ya kuendesha miji: mwaliko unamtaka mtu wa mitaro, anayepanda ndege ni mzee wa kustaafu

Wakuu, heshima kwenu. Uzi ni mrefu, mwenye haraka apite tu.

Mimi ni afisa mipango miji kwenye manispaa moja. Jina lake silitaji, bado nakula mshahara wao. Mwaka juzi tulipata mwaliko wa mafunzo ya uendeshaji wa miji kutoka mji rafiki wa huko Ulaya. Barua ilisema bila kuficha: aje mtu anayeshughulika kila siku na maji ya mvua na makazi holela. Idarani kwetu watu hao wanajulikana. Ndio wanaoshinda juani na vipimo, ndio wanaotukanwa wakienda kupiga X kwenye kuta za watu. Sasa nani alisafiri? Mkuu wa idara isiyohusika, afisa utumishi, diwani mmoja, na mzee wetu aliyekuwa ameshaanza kufuatilia mafao yake. Ripoti ya safari nimeisoma. Ratiba, picha za pamoja, shukrani kwa wenyeji. Mifereji ya wenzetu imepewa aya moja, nayo inasema "ni mizuri".

Akienda anayestahili napo balaa. Kuna mwenzetu alipelekwa Uholanzi, akarudi anajua kutengeneza ramani za hatari ya mafuriko, kijana ana moto. Kabla hata ofisi haijamnunulia kompyuta inayobeba kazi hiyo, ikashuka barua ya uhamisho. Yuko wilaya ambayo mji wake una barabara moja ya lami, anasimamia ugawaji wa vizimba sokoni.

Na msidhani haya yameanza juzi. Mwaka 1992 Dar es Salaam ilikuwa jiji la kwanza la majaribio katika programu ya Miji Endelevu ya Umoja wa Mataifa. Vikaundwa vikundi kazi vya taka ngumu, makazi yasiyo na huduma, biashara ndogondogo. Wazo lilikuwa zuri, tuwape haki yao: mhandisi, mfanyabiashara na mkazi wa bondeni wakae meza moja. 1996 halmashauri ya jiji ikavunjwa, ikaja Tume ya Jiji iliyoongozwa na Charles Keenja. 2000 zikazaliwa manispaa tatu. Baadaye zikaongezwa Ubungo na Kigamboni. 2021 Halmashauri ya Jiji ikavunjwa tena, Ilala ikapanda kuwa jiji. Sisemi mabadiliko hayo hayakuwa na sababu zake, nyingine zilikuwa za msingi. Ila Hamburg ya Ujerumani wamefunga urafiki na Dar tangu 2010, na jiji walilosaini nalo kwa muundo ule halipo tena. Mgeni amfundishe nani, wakati ofisi inabadilishwa mipaka, mafaili yanahama na watu wanapangwa upya?

Mnasema wazungu hawatufai? Hapana. Angalieni Ramani Huria, mradi wa kuchora ramani za maeneo yanayofurika Dar, ulioanza 2015. Hela na wataalamu wa nje walikuwepo, lakini wanafunzi wa Chuo Kikuu Ardhi na wenyeji wa kata zinazofurika ndio walioingia mitaani wakachora mitaro, vichochoro na nyumba. Ramani ziko OpenStreetMap, ramani ya wazi ya mtandaoni, mtu yeyote anafungua bila kibali cha mkurugenzi. Aliyejifunza pale alijifunza akiwa ameshika mtaro wa kwao. Mafunzo ya namna hiyo hayana posho ya kulala hotelini, labda ndiyo maana wakubwa hawayagombanii.

Najua atakuja mtu aseme nina wivu wa posho. Ndiyo, posho naitaka, nina watoto shuleni. Lakini mvua za masika hazisubiri tugawane zamu za kwenda Ulaya, na mtendaji wa mtaa, ambaye ndiye wa kwanza kuona msingi unachimbwa juu ya njia ya maji, sijawahi kumwona kwenye orodha ya semina yoyote, hata ile ya mjini hapahapa. Yeye anaitwa siku ya kubomoa.

Nataka mwaliko ukifika ubandikwe ubaoni, na jina la anayekwenda liandikwe pamoja na kazi anayoifanya kila siku. Akirudi asiguswe kwenye dawati lile mpaka awe amewafundisha wengine. Na wafadhili nao waache upole: mkiomba mtu wa mitaro mkaletewa afisa utumishi, mrudisheni uwanja wa ndege.

Mlioko wizarani humu, na najua mpo mnasoma kimyakimya: kuna waraka wowote unaozuia kumhamisha mtu aliyetoka mafunzoni, au kila mkurugenzi anajiamulia? Kama upo, wekeni namba yake hapa. Kesho asubuhi naubandika mlangoni kwa afisa utumishi.